Asiyekuwepo na Lake Lipo: Ndoa Changa ya Mwalimu Nyerere na Mama Maria



Ukienda kituo cha mabasi cha Kakamega Jumapili jioni utawaona. Kijana amebeba mfuko wa nguo zilizofuliwa na kupigwa pasi, na karibu naye amesimama bibi yake, mtoto mgongoni. Hawazungumzi sana. Basi la Nairobi likianza kunguruma wanashikana mikono, kisha yule mama anarudi nyumbani peke yake akihesabu siku mpaka mwisho wa mwezi. Wengine wametengwa na umbali mkubwa zaidi. Mume yuko ng'ambo akisomea shahada, mke anafundisha huku kijijini. Au mke ndiye aliyepata nafasi ya kusoma, na bwana ndiye amebaki na watoto na ng'ombe.

Wengi wao huja kwetu makatekista na swali moja. Wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo. Je, ndoa ambayo haijatimiza hata mwaka inaweza kusimama ikiwa mmoja yuko safarini kila mara?

Badala ya kuwajibu kwa maneno yangu, leo nitawasimulia maisha ya jirani yetu wa ng'ambo ya Ziwa Victoria, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyekuwa rais wa kwanza wa Tanzania. Mambo ya siasa yake mnayajua. Mimi nataka tuangalie miaka michache tu ya ujana wake, tangu alipoposa mpaka ndoa yake ilipofikisha karibu miaka 3. Katika miaka hiyo kulikuwa na masomo ya ng'ambo, kazi ya ualimu, safari za mwisho wa juma, na mama mmoja kijana aliyekuwa akibaki nyumbani.

Mtoto wa boma kubwa

Julius alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki na alikuwa na wake 22. Mama yake Julius, Mugaya, alikuwa mke wa 5. Kwa hiyo kijana huyu hakukulia katika nyumba ya baba mmoja na mama mmoja kama tunayoifundisha katika darasa la ndoa. Alikulia katika boma kubwa la kimila, kama walivyokulia baba na babu za wengi wetu hapa kwa Waluhya.

Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaendelea Tabora, kisha Makerere, Uganda, alikosomea ualimu kuanzia mwaka 1943. Mwishoni mwa mwaka huohuo, tarehe 23 Desemba, alibatizwa. Alipomaliza Makerere alikwenda kufundisha shule ya misioni ya Mtakatifu Maria, Tabora.

Binti aliyemchagua aliitwa Maria, binti wa Gabriel Magige, mzaliwa wa upande wa Tarime. Naye alikuwa amesoma kwa masista na kupata ualimu, akafundisha shule ya Nyegina karibu na Musoma. Wakati ule wasichana waliofika darasa hilo walikuwa wachache sana. Kumbukeni jambo hili, maana litatusaidia mbele. Maria aliingia katika uchumba akiwa na kazi yake na mshahara wake. Hakuwa binti aliyekaa akingoja kulishwa.

Walichumbiana mwaka 1948. Kabla hawajafunga ndoa, ikaja habari ya nafasi ya masomo Uingereza.

Miaka 3 ya kungoja

Julius alisita kwenda. Baba yake alikuwa amefariki mwaka 1942, na kijana aliyesoma alikuwa tegemeo la mama yake na ndugu zake. Mtu wa namna hiyo akienda ng'ambo, nyumbani wanabaki wakiulizana nani atanunua chumvi. Hata hivyo alikwenda, mwaka 1949, na Oktoba mwaka huo akaanza Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland. Alisoma historia, uchumi, sheria za katiba, falsafa na mambo ya jamii za watu. Julai 1952 akapewa shahada yake ya M.A., akiwa mmoja wa Watanganyika wa kwanza kabisa kupata shahada katika chuo cha ng'ambo.

Miaka hiyo yote Maria alikuwa nyumbani, mchumba wa mtu aliyeko nchi ya baridi. Siku hizi mume akiwa London unaweza kumwona uso kwenye simu akila chakula cha jioni. Wakati ule palikuwa na barua tu. Na mnajua wasemavyo majirani binti anapochelewa kuolewa. Kila msimu mmoja huuliza, na kila msimu jibu ni lilelile.

Julius naye hakukata shauri la kubaki huko. Alipomaliza chuo alikaa muda mfupi Uingereza akitembelea shule na vyuo ili ajifunze kazi ya elimu. Oktoba 1952 akafika Dar es Salaam kwa meli. Kutoka hapo alipanda gari la moshi mpaka Mwanza, na kutoka Mwanza akapanda meli ya ziwani mpaka Musoma, kisha akafika kwao.

Nyumba ya udongo kwanza

Alipofika Butiama, huyu mwenye shahada alianza kwa kujenga nyumba. Ilikuwa nyumba ya matofali ya udongo, na aliijenga kwa ajili yake na mchumba wake. Fikirini watu wa kijiji walivyomtazama. Walitarajia aliyetoka Ulaya avae suti na atume watu, nao wakamwona akishughulika na udongo.

Napenda sana sehemu hii ya maisha yake. Kijana akiwa amekaa mbali miaka 3, maneno matamu peke yake hayamtoshi aliyemngojea. Anataka kuona kwa macho kwamba safari ile ilikuwa na yeye ndani yake. Nyumba ile ya udongo ilimwambia Maria hivyo waziwazi, mbele ya majirani wote waliokuwa wakiuliza.

Januari 1953 walifunga ndoa katika misioni ya Musoma. Julius alikuwa na miaka 30, Maria miaka 22.

Pugu na safari za mwisho wa juma

Hawakukaa sana katika nyumba yao. Julius alipata kazi ya kufundisha historia katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, iliyokuwa mojawapo ya shule bora za Waafrika katika Tanganyika nzima. Basi maarusi wakafunga mizigo, wakauacha upande wa ziwa, wakavuka nchi yote mpaka karibu na pwani.

Kwa Maria, Pugu ilikuwa kama nchi nyingine. Hali ya hewa ni nyingine, chakula ni kingine, na lugha ya nyumbani haisikiki. Mama yake yuko mwendo wa siku kadhaa. Aliiacha kazi yake ya kufundisha, na kabla mwaka haujaisha akajifungua mtoto wa kwanza, Andrew. Kina mama mnaosoma ukurasa huu, mliojifungua mtoto wa kwanza mahali msipo na shangazi wala wifi, mnaelewa bila mimi kueleza.

Katikati ya hayo ikaingia kazi ya pili. Aprili 1953, miezi 3 tu baada ya arusi, Julius alichaguliwa rais wa chama cha Waafrika kilichoitwa Tanganyika African Association, kwa kifupi TAA. Makao yake yalikuwa Dar es Salaam mjini. Pugu iko vilimani, kama kilomita 20 kutoka mjini. Siku za kazi alikuwa darasani. Mwisho wa juma ukifika alishika njia ya mjini, mara nyingine kwa miguu, kukutana na wenzake. Huko alipokewa na watu kama Abdulwahid Sykes, ambaye ndiye aliyeshindana naye katika uchaguzi ule. Baada ya uchaguzi nyumba ya Sykes ilikuwa mahali pa kukutania na kupanga mambo. Sykes na wenzake wengi pale mjini walikuwa Waislamu, nao walimpokea Mkristo huyu kutoka bara kama ndugu yao.

Kwa hiyo siku ambazo waume wengine wa Pugu walikuwa nyumbani, mume wa Maria alikuwa mjini. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuzwa kuwa chama cha siasa, TANU, na Julius akawa rais wake. Tangu hapo safari hazikuwa za kilomita 20 tena. Zilikuwa za nchi nzima, na mwaka uliofuata zikavuka bahari.

Machi 1955

Ndugu zangu, sasa tunafika mahali pagumu.

Mwanzoni mwa mwaka 1955 TANU ilimtuma Julius New York, Marekani, kwenye Umoja wa Mataifa. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja huo, ikitawaliwa na Uingereza, na chama kilitaka dunia isikie Waafrika wenyewe wanasema nini. Fedha za safari zilipatikana kwa michango. Tarehe 7 Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini na kueleza kwamba nchi ile ni ya Waafrika walio wengi na kwamba ni lazima ielekee kujitawala.

Aliporudi, mapadre wenye shule walimweka mbele ya uchaguzi: ualimu au siasa. Serikali ya kikoloni haikupendezwa hata kidogo na mwalimu mwenye kusema hivyo, na shule haikuweza kuendelea kumbeba. Siku chache tu baada ya kurudi, mwezi huohuo wa Machi, aliandika barua ya kujiuzulu.

Tusilitazame jambo hili kwa macho ya leo, ambapo tunajua kwamba mtu huyo atakuwa rais. Litazameni kama lilivyokuwa asubuhi ile. Familia changa ina miaka 2 tu ya ndoa. Nyumba wanayokaa ni ya shule, na mshahara ukikoma, nyumba nayo inakwenda. Chama hakina fedha za kumlipa. Nyuma yao kuna mama mzee Butiama na ndugu wanaotegemea. Ni wangapi kati yetu wangeweza kumwangalia bibi machoni na kumwambia kwamba kuanzia mwezi ujao hakuna mshahara? Na ni wangapi kati ya kina mama wangekaa bila kurudi kwao?

Aprili walirudi Butiama. Julius alikataa nafasi za kazi zenye mshahara mzuri, zikiwemo za gazeti na kampuni ya mafuta, akachukua kazi ndogo kwa mapadre Wamaryknoll waliokuwa wakianza kazi kwa Wazanaki. Aliwafundisha lugha na kuwasaidia kutafsiri. Sisi makatekista tukisoma hapo tunafurahi kidogo, maana msomi wa Edinburgh alifanya kazi inayofanana na yetu. Baada ya miezi michache, mwaka huohuo 1955, alirudi Dar es Salaam kuitumikia TANU kwa muda wake wote.

Duka la mafuta ya taa

Huko Dar es Salaam familia ilikaa kwanza kwa msaada wa marafiki, baadaye ikawa na nyumba Magomeni, ambayo imehifadhiwa kama makumbusho. Naye Maria, yule aliyekuwa mwalimu wa Nyegina, alifungua duka dogo, akiuza mafuta ya taa. Mume alizunguka Tanganyika akihutubia mikutano, na mke alipima mafuta kwa chupa na kuhesabu senti.

Baadhi ya waume huona aibu bibi akifanya biashara ndogo. Husema watu watamcheka, watasema ameshindwa kulisha nyumba. Hapa tunaona rais wa chama kikubwa kuliko vyote Tanganyika, mwenye shahada ya Edinburgh, na mkewe ana duka. Biashara ile ilisaidia kuilisha nyumba wakati chama kilipokuwa hakina kitu, nami naamini kwamba bila mikono ya Maria safari zile zisingewezekana.

Mengine mnayajua. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa maandishi yake na kutozwa faini ya shilingi 3,000. Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Aliongoza nchi mpaka mwaka 1985, alipong'atuka kwa hiari yake, na baadaye akarudi Butiama kulima. Mungu aliwajalia watoto 8. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama. Mtoto wa boma lenye wake 22 alikuwa ameishi na mke mmoja miaka 46. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri, naye huitwa Mtumishi wa Mungu.

Tujifunze nini sisi wa Kakamega?

Sisemi kwamba kila ndoa iige hii. Mzigo wa Mama Maria ulikuwa mzito, na sitaki bwana yeyote achukue ukurasa huu ampelekee bibi yake kama amri ya kuvumilia. Bwana wa namna hiyo ajiulize kwanza kama safari zake zina maana. Si kila mkutano wa Jumamosi ni TANU. Mingine inafanyika mahali penye chupa mezani, na bibi anajua.

Lakini naona mambo 4 ambayo ndoa changa yenye safari inaweza kuyashika.

La kwanza, safari iwe ya wawili. Maria alijua mumewe anakwenda wapi, kwa nani na kwa nini. Ukienda kusoma, bibi yako ajue unasoma nini, utamaliza lini, karo ni kiasi gani. Bwana asiyeambiwa lolote kuhusu masomo ya mkewe ataanza kujaza mapengo kwa mawazo yake mwenyewe, na mawazo hayo huwa mabaya.

La pili, ukirudi, anza na nyumba. Julius alirudi na shahada, akaanza kujenga. Kuna wanaofika Ijumaa usiku kutoka Nairobi, Jumamosi wanalala mpaka saa 6 mchana, jioni wanakwenda kuwasalimu marafiki, Jumapili wanapanda basi. Huyo ni mgeni aliyekuja kufuliwa nguo. Shika jembe, tengeneza mlango uliolegea, mbebe mtoto. Mtoto asikujue kwa sauti ya simu tu.

La tatu, anayebaki awe na kitu mikononi mwake. Kama ni duka, kuku, shamba la chai au kazi ya ualimu, mwenzake amsaidie kukianzisha. Mke anayengoja fedha za simu kila mwisho wa mwezi, na kila shilingi lazima aiombe, atachoka mapema. Na anayebaki akiwa ni mume, wazee wasimcheke kwamba anapika. Analea watoto wake.

La nne, kabla ya kuacha kazi au kuchukua masomo mapya, kaeni wawili mhesabu. Nyumba tunayokaa ni ya nani? Mshahara ukikoma tutakula nini miezi 6 ya kwanza? Nani atatupokea? Familia ya Mwalimu ilikuwa na mahali pa kurudi, Butiama. Ilikuwa na kazi ndogo kwa Wamaryknoll na marafiki wa Dar es Salaam. Ujasiri wao ulikuwa na mahali pa kukanyaga.

Wazee hawakukosea waliposema asiyekuwepo na lake halipo. Ndivyo inavyokuwa pale anayeondoka hakuacha kitu chochote chake nyumbani, wala neno, wala kazi, wala mpango. Lakini aliyeacha nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, na mke anayejua njia aliyoishika, lake lipo hata akiwa New York.

Maswali ya kuzungumza wawili jioni, redio ikiwa imezimwa:

1. Safari au masomo yaliyoko sasa katika nyumba yetu, tuliyaamua pamoja, au mmoja alimpa mwenzake habari tu?

2. Mwenzangu akirudi mwisho wa juma, ni jambo gani moja ninalotamani alifanye kabla ya mengine yote?

3. Anayebaki nyumbani ana nini mikononi mwake ambacho ni cha kumsaidia kusimama?

4. Mshahara mmoja ukikoma kesho, tutaanzia wapi?

Mkishazungumza, salini pamoja. Na kama mmoja wenu yuko mbali usiku huu, mpigieni simu msali naye hukohuko aliko. Mungu awabariki.